Nafuu ya Mafuta, Unga au Mbolea? Kulinganisha Njia Nne za Kupunguza Makali ya Maisha

Katikati ya mwaka 2022, majirani watatu wanaonunua mafuta katika soko lile lile la dunia walikabili kupanda kwa gharama za maisha kwa njia zisizofanana. Pipa la mafuta ghafi lilikuwa limevuka dola 120 mwezi Machi, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na mbolea, ngano na mafuta ya kula vikapanda nalo. Tanzania ilitenga shilingi bilioni 100 kuwa ruzuku ya mafuta kuanzia tarehe 1 Juni. Kenya, ambayo tayari ilikuwa ikifidia bei ya mafuta tangu mwaka 2021, iliongeza ruzuku ya unga wa mahindi tarehe 20 Julai. Uganda ilikataa yote mawili: Rais Yoweri Museveni alishikilia kwamba kodi haitapunguzwa wala ruzuku haitatolewa, na katika hotuba ya Mei Mosi aliwashauri wanaokosa mkate wale mihogo.

Ulinganisho huu unamlenga mtu anayetakiwa kuchagua: mjumbe wa chama cha akiba na mikopo anayeandaa maoni ya kupeleka kwenye kamati ya bajeti ya Bunge, kiongozi wa wafanyabiashara wa soko, au mpiga kura anayesikiliza ahadi za wagombea na kutaka kujua ni ipi itakayofika jikoni kwake. Nafuu zinazopendekezwa huwa nyingi kwa majina, lakini kwa asili ni nne: kupunguza kodi au kutoa ruzuku ya mafuta kwenye pampu, kufidia chakula kilicho tayari kama unga, kufidia pembejeo za mkulima, na kuziacha bei zilivyo huku kaya maskini zikipewa fedha mkononi. Kipimo nitakachotumia ni kimoja kwa zote. Kati ya Hazina inakotoka fedha na jiko linapobandikwa sufuria, kuna mikono mingapi, na ni mkono upi wenye uwezo wa kuibakiza nafuu hiyo bila mtu kuuona?

Kodi yenyewe iko wapi

Wito unaosikika mara nyingi ni kwamba serikali iondoe kodi kwenye chakula. Ni wito unaoeleweka, ila una tatizo moja: kwa sehemu kubwa kodi hiyo haipo. Nchini Tanzania mazao ya chakula yasiyosindikwa yamesamehewa kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo anayenunua maharage, mchele au mahindi sokoni haongezewi ile asilimia 18. Nchini Kenya mkate wa kawaida umewekwa katika kiwango cha sifuri, na jaribio la kuutoza asilimia 16 kupitia Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 lilitupwa hata kabla maandamano ya tarehe 25 Juni hayajamfanya Rais William Ruto akatae kuutia saini muswada wote. Mwanasiasa anayeahidi kufuta kodi ya chakula cha kila siku mara nyingi anaahidi kufuta kitu kilichokwisha kufutwa.

Kilichobaki kwenye chakula ni ushuru wa forodha. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa asilimia 50, ilhali ya Tanzania na Uganda huingia Kenya bila ushuru huo. Kuuondoa kwa muda kunaweza kusaidia pale jumuiya nzima inapokosa nafaka, lakini ni dawa inayotegemea sana saa ya kunywewa. Novemba 2022 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba magunia milioni 10 ya mahindi yangeruhusiwa kuingia bila ushuru, na viongozi wa wakulima wa Bonde la Ufa, ambako mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yanaingia ghalani, walipinga kwa nguvu. Meli ikichelewa miezi miwili, nafuu ya mlaji wa mjini inakuwa hasara ya mkulima wa nchi hiyo hiyo.

Kodi nzito iko kwenye mafuta, na ndiko serikali zenye nia ya kupunguza zina kitu cha kupunguza. Mwaka 2023 lita moja ya petroli nchini Kenya ilibeba ushuru wa bidhaa wa shilingi 21.95, tozo ya matengenezo ya barabara ya shilingi 18 na tozo ya maendeleo ya petroli ya shilingi 5.40. Hiyo ni shilingi 45.35 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Julai mwaka huo ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka uliofuata tozo ya barabara ilifika shilingi 25. Nchini Tanzania petroli na dizeli hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Zinabeba ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na tozo ya kupeleka umeme vijijini, vyote vikiwa viwango vya shilingi kwa lita. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na mwaka 2023 ikaongezwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati.

Hapa pana tofauti inayopitwa haraka mno katika mijadala. Kodi ya asilimia hukua yenyewe bei ya dunia inapopanda. Lita yenye thamani ya shilingi 100 ikitozwa asilimia 16 inaiingizia Hazina shilingi 16. Ikifika thamani ya shilingi 150 inaiingizia 24, bila Bunge kukaa na bila waziri kutangaza lolote. Kwa hiyo Mkenya anayeomba kodi hiyo irudi kwenye asilimia 8 wakati mafuta yamepanda anaomba serikali irudishe sehemu ya faida ambayo haikuitolea jasho. Mtanzania hana hoja hiyo. Kiwango cha shilingi kwa lita hakikui kwa sababu ya vita vya Ukraine, na kila shilingi anayoomba ipunguzwe inatoka moja kwa moja kwenye fungu la barabara au la umeme wa vijijini. Maneno ya ombi yanaweza kufanana pande zote mbili za Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, lakini gharama ya ombi hilo haifanani.

Mafuta: nafuu inayoonekana hadi kwenye pampu, kisha inapotea

Sifa kubwa ya nafuu ya mafuta ni kwamba hatua yake ya kwanza inakaguliwa na kila mtu. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, hutangaza ya kwake kila tarehe 14. Kituo kinachouza juu ya bei hiyo kinavunja sheria, na bei imeandikwa barabarani kwa tarakimu kubwa. Mamlaka ikipunguza kikomo, punguzo lote linafika kwenye pampu. Uganda haina hatamu hiyo, kwa kuwa bei za mafuta huko zimeachiwa soko kwa miaka mingi, na kampuni ingeweza kupokea punguzo la kodi na kuiacha bei pale pale. Kwa sababu hiyo msimamo wa Kampala, ambao ulichekwa kwa ajili ya mihogo, ulikuwa na mantiki zaidi ya ulivyoonekana.

Agosti 2022, petroli ya Dar es Salaam iliuzwa shilingi 3,410 kwa lita ikiwa tayari na ruzuku ndani yake. Ni bei ambayo watu waliiona kubwa, na hilo ni tatizo la kudumu la nafuu ya aina hii: serikali hutumia mabilioni ili bei ipande kidogo kuliko ambavyo ingepanda, na hakuna mwananchi anayeshukuru kwa bei ambayo hakuiona.

Lakini tatizo kubwa zaidi linaanza baada ya pampu. Mtu asiye na gari hukutana na mafuta kwenye nauli, kwenye bei ya nyanya zilizosafirishwa na kwenye gharama ya kusaga. Nchini Tanzania nauli za daladala zinapangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Katikati ya Mei 2022, wiki mbili tu kabla ya ruzuku kuanza, nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Ruzuku ilipokuja, nauli haikushuka; Desemba 2023 ilipanda tena hadi 600. Abiria wa Mbagala alikuwa amekwisha kulipia mafuta ya bei ya juu kabla Hazina haijaanza kuyalipia pia. Angalau kwake kulikuwa na kikomo. Nauli za matatu nchini Kenya hazina mpangaji wa namna hiyo, na hupanda siku ya mvua, siku ya mgomo na siku ya tangazo la EPRA, bila ya kuwapo siku maalumu ya kushuka.

Swali la nani anafaidika lina hesabu yake. Bei ya petroli jijini Nairobi ilipopanda kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30 katikati ya Septemba 2022, baada ya ruzuku ya petroli kuondolewa, pengo lilikuwa shilingi 20.18 kwa lita. Tukilichukua pengo hilo kuwa ndiyo nafuu aliyokuwa akiipata mwenye gari, basi kila alipojaza tangi la lita 60 alikuwa akisaidiwa zaidi ya shilingi 1,200, na akijaza mara mbili kwa mwezi, zaidi ya 2,400. Mzee wa miaka 70 anayelipwa na Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa fedha wasiojiweza, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Serikali ile ile, mwaka ule ule, ilimsaidia mwenye gari kuliko ilivyomsaidia mzee asiye na chochote, na haikuwahi kukaa ikaamua hivyo.

Ndiyo maana ni muhimu kutenganisha mafuta na mafuta. Dizeli huendesha malori, matrekta, mabasi na mashine nyingi za kusaga nafaka vijijini; punguzo lake linapita kwenye chakula hata kama linavuja njiani. Petroli huendesha magari binafsi, lakini pia bodaboda, na anayedhani bodaboda ni anasa hajawahi kumpeleka mjamzito hospitali kutoka kijiji kisicho na barabara ya basi. Septemba ile Kenya ilifanya jambo ambalo naliona la busara, ijapokuwa lilileta kilio: iliondoa ruzuku ya petroli peke yake na kuibakiza kwa muda ya dizeli na ya mafuta ya taa, zilizouzwa shilingi 165 na 147.94.

Mafuta ya taa yanastahili neno la pembeni. Ni nishati ya maskini, na kwa mtazamo wa haraka yangepaswa kuwa ya kwanza kupunguziwa kodi. Tatizo ni uchakachuaji. Yakiwa rahisi kuliko dizeli, huchanganywa ndani yake na kuuzwa kwa bei ya dizeli, injini zinakufa na Hazina inakosa mapato. Tanzania iliyapandishia kodi mwaka 2011 kwa sababu hiyo hiyo, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Nafuu ya gesi ya kupikia haina mlango huo wa wizi, na Kenya iliishusha kodi yake kutoka asilimia 16 hadi 8 mwaka 2022, kisha hadi sifuri mwaka 2023. Anayetaka kuisaidia kaya inayopikia mafuta ya taa afikirie gesi, huku akikumbuka kwamba mtungi wa kwanza na jiko lake vinahitaji fedha ambazo kaya hiyo haina.

Kupunguza kodi au kulipa ruzuku

Watu huzitaja hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja, kwa sababu kwenye pampu zinaonekana sawa. Nyuma ya pampu hazifanani. Serikali ikipunguza kodi, kampuni ya mafuta inakusanya kidogo na kuwasilisha kidogo, na mambo yamekwisha. Hakuna anayemdai mwenzake. Ikitoa ruzuku, kampuni inauza kwa hasara leo ikitarajia kufidiwa kesho, na kesho hiyo inategemea kama Hazina ina fedha. Kenya ilionja matokeo yake Aprili 2022. Malipo ya fidia yalichelewa, mafuta yakaadimika, na madereva wakapanga foleni ndefu kwenye vituo ambavyo bei yake nzuri iliandikwa ubaoni huku pampu zikiwa kavu. Ruto alipoapishwa tarehe 13 Septemba alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekwisha kugharimu shilingi bilioni 144, bilioni 60 kati ya hizo zikiwa za miezi minne tu ya mwisho, na kwamba ikiendelea hadi mwisho wa mwaka wa fedha ingemeza fedha zinazolingana na bajeti yote ya maendeleo ya serikali kuu.

Kwa hiyo kama ni lazima kuchagua kati ya hizo mbili, ningechagua punguzo la kodi lenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe. Punguzo hilo lina ukomo wa asili, kwa kuwa huwezi kupunguza zaidi ya kodi iliyopo, wakati ruzuku haina sakafu wala dari. Ubaya wake ni barabara. Tozo ya TARURA ikifutwa miezi sita, daraja la mbao lililosombwa na mvua halitajengwa msimu huo, na lori linalozunguka kilomita 40 kufuata mpunga litachoma dizeli zaidi kuliko iliyookolewa.

Unga wa shilingi mia

Tarehe 20 Julai 2022, siku 20 kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili, iliyokuwa imefika takribani shilingi 205, ingeuzwa shilingi 100. Tozo za uingizaji wa mahindi zilisimamishwa pia. Kwa karatasi, hakuna nafuu iliyo karibu zaidi na sufuria kuliko hii. Unga ni chakula, haupiti kwenye nauli wala kwenye tangi la gari la kifahari, na tajiri hali ugali mara kumi zaidi ya maskini.

Ilivyokuwa madukani ni hadithi nyingine. Unga wa shilingi 100 uliadimika, maduka yakaweka idadi ya pakiti kwa kila mteja, na aliyeishi mbali na maduka makubwa mara nyingi alikuta ile ya bei ya zamani au hakukuta kabisa. Wasagaji walilalamika kwamba fidia yao haijalipwa. Ruto alitaja gharama yake kuwa shilingi bilioni 7 kwa mwezi mmoja tu, na baada ya uchaguzi bei ikarudi ilikotoka.

Kasoro haikuwa ya Kenya peke yake, bali iko ndani ya njia yenyewe. Mafuta yanaingia nchini kupitia bandari chache na kuuzwa kwenye vituo vyenye leseni. Unga unapita kwa wasagaji wakubwa na wadogo, wauza jumla, maduka ya mtaani na genge la kona, na watu wengi hawali unga wa pakiti hata kidogo, kwa sababu hununua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, na kuyapeleka kwenye mashine ya kijiji. Ruzuku ya pakiti haimfikii mtu huyo. Bei moja iliyopangwa kwa bidhaa yenye milango elfu haiwezi kulindwa bila kuweka askari kwenye kila rafu, na tofauti ya shilingi 105 kwenye pakiti moja ni kishawishi kwa yeyote mwenye stoo.

Tanzania ilipobanwa na bei ya mahindi mwishoni mwa mwaka huo, ilitumia njia ambayo nadhani inazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili: Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulipeleka mahindi ya akiba kuuzwa kwa bei nafuu katika halmashauri zenye upungufu. Serikali inayouza mahindi haihitaji kumbembeleza msagaji, kwa sababu inaongeza mzigo sokoni na bei inashuka kwa ushindani wa kawaida. Lakini njia hii inahitaji maghala yaliyojazwa mwaka wa neema, na mahindi yasiyoingiwa na sumukuvu.

Mbolea: nafuu inayokuja baada ya miezi tisa

Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea yenye thamani ya shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ile mbolea ya kupandia, ulikuwa umevuka shilingi 130,000. Mkulima aliyesajiliwa aliuziwa kwa shilingi 70,000. Kenya ilifuata mwezi uliofuata kwa kushusha mfuko kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 hadi 2,500.

Tuiweke bilioni 150 ya msimu mzima wa mbolea pembeni ya bilioni 100 iliyotengwa kwa mwezi mmoja wa mafuta. Fedha zote za mbolea zingelipia ruzuku ya mafuta kwa mwezi mmoja na nusu kwa kiwango cha Juni, kisha zingekuwa zimeisha moshi. Mfuko mmoja wa mbolea kwenye shamba lenye mvua ya kutosha huzaa magunia ambayo yasingekuwepo, na magunia hayo hushusha bei hata kwa mlaji ambaye hajawahi kugusa jembe. Katika njia zote nne, hii peke yake inaongeza chakula. Nyingine tatu hugawa upya kile kilichopo.

Ubaya wake ni saa. Mbolea iliyozinduliwa Agosti hupandiwa Novemba au Desemba huko Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma, na mahindi yake huvunwa kuanzia Mei. Mtu mwenye njaa Agosti hali mahindi ya Mei ijayo. Pia ina mikono yake: mfumo wa usajili, wakala wa mbolea ambaye huenda yuko kilomita 50 kutoka shambani, na foleni ya siku nzima kwenye kituo cha mauzo wakati mvua imekwisha kuanza. Na kuna mkono mbaya zaidi, ule wa ndani ya mfuko. Mwaka 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima wa Kenya chini ya mpango wa ruzuku haikuwa mbolea kabisa. Unga ukikosekana dukani mtu anajua siku hiyo hiyo. Mbolea bandia hujulikana mahindi yakiwa ya manjano magotini, wakati msimu hauwezi kurudiwa.

Kuacha bei na kutoa fedha mkononi

Uganda haikupunguza kodi, na mfumuko wake wa bei ulifika asilimia 10.7 Oktoba 2022. Kenya, iliyokuwa imetumia mabilioni na ndiyo kwanza imeondoa ruzuku ya petroli, ilikuwa kwenye asilimia 9.6 mwezi huo huo. Tanzania ilikuwa kwenye asilimia 4.9. Kuna wanaochukua tarakimu hizi tatu na kutangaza mshindi, lakini haziwezi kubeba mzigo huo. Tanzania huzalisha sehemu kubwa ya chakula chake na hata kuwauzia majirani, wakati Kenya ilikuwa katikati ya ukame ulioua mifugo kaskazini kwa misimu mitano mfululizo. Kinachoonekana bila shaka ni kwamba ruzuku kubwa ya Kenya haikuiacha mbali na Uganda ambayo haikutoa kitu.

Njia ya nne, yaani kuacha bei zieleze ukweli na kuwapa maskini fedha, ndiyo yenye mikono michache kuliko zote. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, na Inua Jamii kwa Kenya zina majina ya walengwa, na malipo mengi hupita benki au simu. Hakuna msagaji wala muuza jumla katikati. Lakini zina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba orodha hizo hazimjui mama ntilie wa Tandale wala kinyozi wa Githurai, ambao hawakuwa maskini wa kutosha kuandikwa na hawana mshahara wa kuongezwa. Ya pili ni kwamba kiwango hakisogei. Unga ulipokuwa shilingi 100, zile 2,000 za mzee wa Inua Jamii zilinunua pakiti 20. Ulipokuwa 205, zilinunua 9 na chenji. Posho yake ilipunguzwa zaidi ya nusu na soko, na hakuna aliyelazimika kupiga kura juu yake.

Kama ni wewe wa kuchagua

Kwa anayeishi mjini kwa kipato cha siku, na ambaye gharama yake kubwa baada ya chakula ni nauli, punguzo la kodi ya dizeli lina maana kwa sharti moja: liambatane na agizo la nauli. Kwa Tanzania sharti hilo linawezekana, kwa sababu LATRA ipo na ina mamlaka, kwa hiyo ombi linalopelekwa bungeni lisiishie kwenye lita. Litaje nauli itashuka kwa kiasi gani na tarehe ipi. Kwa Kenya sharti hilo halina wa kulitekeleza, na ningependelea kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta yote irudishwe kwenye asilimia 8 bei ya dunia inapovuka kiwango kilichotajwa katika sheria, ipande tena bei ikishuka, bila kusubiri huruma ya waziri.

Kwa mkulima, na kwa nchi yenye wakulima wengi kuliko madereva, mbolea inashinda bila ubishi mkubwa, mradi iwe kwa wakala kabla ya Oktoba kwenye nyanda za msimu mmoja wa mvua na mfuko upimwe kabla ya kuuzwa, si baada ya malalamiko. Ruzuku ya unga wa pakiti nisingeiunga mkono tena, hata katika mwaka wa njaa. Fedha hiyo ningeipeleka kununua nafaka ya akiba wakati wa mavuno, ambapo mkulima naye anatafuta mnunuzi.

Yapo maeneo ambako hoja ya mbolea haina miguu. Turkana, Marsabit au Wajir mvua ikikosekana misimu mitano, mfuko wa ruzuku ni mzigo wa kubeba tu, na punguzo la petroli linawafikia wachache wenye magari ya miradi. Huko ombi la kuandika ni nyongeza ya malipo ya moja kwa moja kwa kaya, yanayolipwa mwezi hadi mwezi bila malimbikizo, na kiwango chake kiandikwe kwenye kanuni kwa pakiti za unga na lita za mafuta ya kula, kisha Hazina ndiyo ibadilishe kuwa shilingi kila robo mwaka kulingana na bei ya Lodwar, mji wa Turkana, si ya Nairobi.